Mume amekiri kuzini: je, kwenda kwa mshauri nasaha ni upungufu wa subira?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Nimeolewa miaka kumi na mmoja, tunakaa Langoni, Lamu. Mume wangu hufanya kazi Malindi na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mwezi wa Rajabu nilimuuliza juu ya maneno niliyoyasikia, akakiri mwenyewe kwamba alizini na mwanamke huko. Alilia, akasema ametubu. Tangu hapo silali, na nikisimama kuswali nawaona wao wawili. Nimesomewa Qur'ani, nimekunywa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Shangazi aniambia funika kombe mwanaharamu apite. Muuguzi hospitalini amenishauri nikaonane na mshauri nasaha. Je, kumweleza mtu wa nje siri ya mume si kusengenya? Na je, napata dhambi kwa kuwa sijamsamehe?

JAWABU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Mwanangu, Allah akutulize moyo. Naanza na jambo hukuliuliza, lakini naliona ndani ya maneno yako: wahofia kwamba huzuni hii ni imani kupungua. Sivyo. Nabii Yaaqub alipoletewa kanzu ya Yusuf yenye damu ya uongo alisema "fasabrun jamil", subira njema. Surat Yusuf hiyohiyo, aya ya 84, yatwambia macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Wanawe walipomlaumu kwamba hamsahau Yusuf, aliwajibu, "Mimi namshitakia Allah sikitiko langu na huzuni yangu." Subira na majonzi vilikaa katika kifua kimoja, na kifua hicho kilikuwa cha mtume. Anayekwambia mwenye subira halii, mrudishe kwenye Surat Yusuf.

Bi Aisha, mke wa Mtume, Allah amridhie, aliposingiziwa zina alilia masiku mawili na mchana mmoja bila usingizi, mpaka akadhani kilio kitampasua ini. Imo katika Sahihi ya Bukhari. Lake lilikuwa jambo jengine, lakini angalia alivyofanya habari ilipomfikia: alimwomba Mtume (s.a.w.) ruhusa aende kwa wazazi wake, akapewa. Kwa hivyo nyumba ikikubana, kuomba ruhusa ukakae kwa mamako kwa muda si uasi, na mumeo akikunyima hapo atakuwa amekosa huruma.

Shangazi yako ana haki katika moja. Aibu ya mume haianikwi kwenye kundi la WhatsApp wala haisimuliwi harusini, na mji wetu ni mdogo, neno likitoka Mkomani alasiri, magharibi liko Langoni. Hilo ni sitara, na sitara ni ibada. Lakini kumsitiri mume mbele za watu hakukulazimishi wewe kuugua kimyakimya. Hind binti Utba alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia waziwazi kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hampi ya kumtosha yeye na mwanawe. Hakuambiwa unasengenya, alipewa jawabu. Mwanazuoni Imam Nawawi ametaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa kosa lake, na miongoni mwazo ni aliyedhulumiwa kushitaki na mwenye haja kuuliza. Mshauri nasaha aingia humo. Mweleze yanayohitajika kwa tiba, ya chumbani yasiyo na haja uyaache. Awe mwanamke ukimpata, na muulize kama amesajiliwa, maana Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014.

Kombe na kisomo ni baraka, usiviache. Mtume (s.a.w.) aliyetufundisha ruqya, yaani kisomo cha tiba, ndiye aliyesema pia, "Jitibuni, enyi waja wa Allah." Ila ukiambiwa kuna mganga wa kumfunga mume asitoke tena, mkimbie. Huo ni uchawi, na utakuongezea dhambi juu ya maumivu.

Katika tiba ya washauri nasaha liko jambo limenipendeza. Wataalamu wa Marekani, Donald Baucom, Douglas Snyder na Kristina Gordon, wameipanga kazi ya wanandoa waliopatwa na usaliti katika hatua tatu: kwanza kulikabili pigo lenyewe, pili kuelewa kwa nini limetokea, na mwisho ndipo kuamua, kukaa au kuachana. Picha unazoziona ukiswali na usingizi uliokutoka ni mambo ya hatua ya kwanza, nao wanayajua na wana njia za kuyatuliza. Sisi tuna hadithi kwamba hakimu asihukumu baina ya wawili hali ana hasira. Nawe leo ndiwe hakimu wa ndoa yako. Usidai talaka usiku ulioshindwa kulala, wala usitamke "nimekusamehe" kwa sababu jamaa wamekaa mbele yako wakingoja kusoma Fatiha.

Ama msamaha, soma Surat Shura, aya ya 40 na 41. Anayesamehe na akasuluhisha, ujira wake uko kwa Allah. Lakini anayedai haki yake baada ya kudhulumiwa, hapana njia ya kumlaumu. Kwa hivyo huna dhambi. Na hata ukisamehe, moyo waweza kubaki unauma. Wahshi, aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, alisilimu na Uislamu wake ukakubaliwa, kisha Mtume (s.a.w.) akamwomba, kama aweza, asimwonyeshe uso wake. Kama huwezi bado kumtazama mumeo usoni, usijione mbaya.

Hili sasa lisingoje: nendeni mkapime nyote wawili, virusi vya ukimwi, kaswende na mengineyo, na mrudie baada ya miezi mitatu kwa sababu virusi vya ukimwi huenda visionekane mapema. Mpaka hapo naona una haki ya kujizuia naye kitandani. "Hapana kudhuru wala kudhuriana" ni kauli ya Mtume (s.a.w.), na hofu yako si ya kubuni.

Ndoa yenu haikuvunjika kwa zina yake, kwa kauli ya wanazuoni wengi. Mkishindwa kuelewana, Surat Nisaa, aya ya 35, yaamrisha mwamuzi mmoja kwa watu wake na mmoja kwa watu wako. Ukiona huwezi tena, kuna khului, mke kujivua kwa kurudisha mahari, na mahakama ya kadhi iko hapo Lamu.

Na mumeo msomee haya. Toba yake kwa Allah ni yake na Mola wake. Haki ya mke ni nyingine, nayo hailipwi kwa machozi ya siku moja. Avumilie kuulizwa swali lilelile mara nyingi, ajibu bila kufoka, akate kila mawasiliano na mwanamke yule, na ukimwita mkaketi pamoja kwa mshauri, apande boti aje.

Wallahu aalam.