Maswali ya Wasomaji: Kitambuzi cha Sauti

SWALI: Assalaam alaykum. Hapa Wete tunarikodi masimulizi ya wazee na kuyageuza maandishi kupitia Google Cloud. Je, ni lazima kila ombi tunalotuma lirudie lugha na modeli (programu iliyofunzwa kutambua usemi)?

JIBU: Waalaykum salaam. Si lazima. Katika toleo la 2 la Speech-to-Text, huduma ya Google Cloud ya kugeuza sauti kuwa maandishi, huundwa kitambuzi, yaani rasilimali inayohifadhi modeli, msimbo wa lugha na vipengele kama muda wa kila neno, kisha ombi hukitaja kwa jina lake tu. Ombi likija na mpangilio wake, huo ndio unaofuatwa badala ya uliohifadhiwa, jambo linalofaa pale mzee anaposimulia kwa Kiarabu. Angalieni eneo, yaani mahali pa seva za Google mlipochagua: kitambuzi kilichoundwa eneo moja hakiitwi kupitia jingine. Kuhusu Kipemba, msitarajie miujiza. Hakikini kwa masikio yenu.