Anza na Gazeti, Bendera Itangoja

Taifa letu lina raia 14. Eneo lake ni paa la ploti moja huku mtaa wa Umoja, Nairobi, kutoka penye tangi za maji hadi kwenye kamba za nguo, na mwenye ploti anajua na ameridhia. Vijana wengi huniuliza jinsi ya kuanzisha kijitaifa chao cha kujitangazia, yaani taifa dogo la kujiundia lisilotambuliwa na serikali yoyote, na karibu wote huja na bendera tayari. Mimi huwaambia waanze na gazeti.

Sisi tulianza na bendera, nembo na katiba ndefu. Baada ya sherehe ya kwanza, watu wakaacha kuja. Kilichowarudisha ni karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati, ambayo binamu yangu aliichapisha saiba kwa shilingi kumi. Habari kuu ilikuwa uchaguzi wa Spika, kura 7 kwa 5. Chini yake, nani amepata leseni ya kuendesha gari, na rambirambi kwa raia aliyefiwa na nyanya yake. Jioni ileile mama mmoja alipanda orofa tano kutuambia jina la marehemu limekosewa herufi. Tulichapisha upya nakala zote, naye akasimama pale kuzihesabu.

Vijana hupenda kunitajia Mkataba wa Montevideo wa 1933, unaotaja mambo manne ambayo nchi inapaswa kuwa nayo: watu wa kudumu, eneo, serikali, na uwezo wa kuhusiana na nchi nyingine. Ni vyema kuujua. Lakini hapo kwenye watu wa kudumu ndipo wengi hukwama. Talossa, kijitaifa kingine, ilianzishwa 1979 kule Milwaukee, Marekani, na kijana wa miaka 14, Robert Ben Madison. Ipo hadi leo, ina lugha yake na chaguzi zake, kwa sababu daima kuna jambo la kubishania na watu wa kulibishania.

Sasa kosa letu, ambalo bado linaniuma. Toleo moja tuliandika kwamba tuna raia zaidi ya 200 na ubalozi Mombasa. Ubalozi ulikuwa nyumba ya rafiki. Wiki hiyo nikapata ujumbe: "Shikamoo mheshimiwa. Nimeona mnapokea raia. Pasipoti huchukua siku ngapi? Kama ni pesa, naweza kuuza simu."

Nilimpigia simu palepale. Nikamweleza kwamba sisi ni Wakenya wenye shughuli ya kujiburudisha na kujifunza uongozi, na hatuwezi kumpeleka mtu popote. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa kaka. Afadhali umeniambia."

Baadaye nikajua kuwa yalishawakuta wengine. Ladonia, kijitaifa kilichotangazwa 1996 na msanii Lars Vilks kule Uswidi, iliwahi kupokea maombi ya maelfu ya Wapakistani waliodhani wamepata nchi ya kuhamia. Watu wenye shida husoma kila neno kwa makini kuliko mwandishi anavyodhani. Kwa hiyo siku hizi juu ya kila toleo tunaandika idadi kamili ya raia, na mstari huu: hatutoi pasipoti wala visa, wala hatuuzi vyeo. Nanyi fanyeni hivyo tangu toleo la kwanza. Tena msiguse nembo ya taifa la Kenya, kwa kuwa sheria inalinda matumizi yake.

Mkitangaziwa vita na kijitaifa kingine kwa barua pepe, jibuni kwa adabu, habari iwekwe ukurasa wa nyuma, mistari miwili. Nimeona vijitaifa vikisambaratika kwa matusi ya vita vya namna hiyo. Ukurasa wa mbele wapeni raia wenu wenyewe.

Na kabla ya kuchapisha, mpelekee mwenye habari asome jina lake. Toleo la Jumamosi hii linasubiri saini moja tu, ya bibi arusi, ambaye anataka jina lake la ukoo libaki vilevile hata baada ya harusi.