Maharage yanayoiva ndani ya kapu

Nyumbani kwetu Goma, kinachomaliza franka si nyama wala mafuta. Ni makala, ule mkaa unaofikishwa mlangoni juu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa. Na hakuna chakula kinachoyala makala kama maharage.

Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva. Nilikuwa nachochea mbabula, yaani jiko la makala, tangu adhuhuri mpaka watoto wanasinzia bila kula.

Mei 2021, volkano ya Nyiragongo iliyo jirani ilipolipuka na tukaambiwa tuhame, tulipokelewa na mama mmoja kule mji mdogo wa Sake. Alikuwa na sufuria moja na watu kumi na mmoja wa kulisha. Maharage aliyalowesha usiku kucha, asubuhi akamwaga maji yale, akayachemsha kwa maji mapya. Kisha akaipua sufuria ingali inatokota, akaiweka ndani ya kapu lililojaa nguo kuukuu, akaifunika kwa kikwembe na blanketi. Nilidhani makala yamemwishia. Jioni alipoifunua, mvuke ulinipiga usoni, na maharage yalikuwa laini kabisa.

Tangu hapo sijarudi nyuma. Mimi huyachemsha kwa nguvu nusu saa, mfuniko ukiwa umebana, halafu naingiza sufuria kapuni kwa saa nne au tano. Sufuria iwe imejaa, maana iliyo nusu hupoa upesi. Usifunue kuchungulia. Nyanya na chumvi zisubiri mwisho. Nyanya hasa hufanya maharage yakawie kulainika. Yakitoka kapuni, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kupakua. Dada zangu, hatua ya kuchemsha msiipunguze: maharage, hasa mekundu, yana sumu inayoharibiwa na mchemko mkali wa dakika 10 au zaidi. Joto la kapu peke yake haliiwezi.

Makala yanayobaki nayatia kwenye sufuria kuukuu yenye mfuniko, yanazimika yenyewe, na kesho yanawaka tena. Majivu nayasugulia masufuria. Lakini mbabula isiingizwe chumbani kupasha joto usiku, hata baridi ikizidi. Ile hewa ya makala haina harufu na inaua watu usingizini.

Maji nayo yanakula makala ukiyachemsha yote. Wale wanaotia klorini kwenye bidoni, yaani madumu ya maji, pale ziwani, usiwapite. Siku za jua, maji maangavu nayatia kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, nazilaza juu ya bati kwa saa 6 za jua kali. Mawingu yakitanda, nazipa siku mbili nzima. Maji yenye tope hayafai, kwa sababu jua halipenyi.

Dawa ya nyumbani ninayoiamini kuliko zote ni ya kuhara. Pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini zikikosekana, lita 1 ya maji safi natia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo wa kijiko. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, basi pima, usikadirie kwa mkono. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwage.

Kwa kikohozi natumia tangawizi iliyochemshwa na asali kidogo, ila asali sitampa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja.

Hapa kwetu kipindupindu hakiishi kurudi, na maji yale ya sukari na chumvi ni ya kukusaidia njiani, hayachukui nafasi ya kituo cha afya. Choo kikitoka kama maji ya mchele, macho yakididimia, au mtoto akiacha kukojoa, mbebe mgongoni uende, chupa ukiwa nayo mkononi, ukimnywesha huku mnatembea. Usingoje kupambazuke.