Jibu: Kitabu cha kiwavi kufundishia ukuaji wa kipepeo

Mwalimu, umeuliza kama kile kitabu cha Eric Carle cha mwaka 1969, cha kiwavi mlafi, kinafaa kufundishia hatua za ukuaji wa kipepeo darasa la tatu. Kinafaa sana! Yai, kiwavi na kipepeo vimefuatana vizuri. Ila keki na soseji anazokula kiwavi kitabuni ni hadithi tu, na kifuko anachojifungia ni cha nondo; pupa (hatua kati ya kiwavi na kipepeo) wa vipepeo wengi hana kifuko cha hariri. Waulize watoto wenyewe: kipi hapa si cha kweli? Kisha chunguzeni majani ya mlimau. Kiwavi mchanga wa huko hufanana na kinyesi cha ndege, akikua huwa kijani, na akiguswa hutoa pembe zenye harufu kali. Mkimfuga, mpeni majani mabichi kila siku.