Kuongeza kina mwaloni Mtera: kibali kinaombwa wapi, na je, mfereji ndio dawa?

SWALI: Shikamoo Injinia. Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) ya mwalo mmoja, yaani mahali boti zinaposhushia samaki, wa Bwawa la Mtera, upande wa Mpwapwa. Maji yakipungua boti zetu zinakwama kwenye tope mbali na nchi kavu, samaki wanabebwa kichwani hadi kwenye mizani, na wakifika mchuuzi ameshashusha bei. Tumechanga fedha na tumempata mtu mwenye ekskaveta. Tunataka mfereji wa mita 200, upana mita 6, tuchimbe kwenda chini mita moja na nusu. Mtendaji wa kijiji anatuelekeza NEMC (baraza la mazingira la taifa), afisa uvuvi anasema ni kazi ya watu wa bonde (bodi ya maji ya bonde), na mwenye mashine anasema tuchimbe tu usiku mmoja, tope ni letu. Tuanzie wapi? Na mchanga utakaotoka, tunaruhusiwa kuuuza ili kufidia gharama?

JIBU: Marahaba, Katibu. Mtendaji na afisa uvuvi wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa upande wake. Mwenye mashine ndiye wa kumwogopa. Tope hilo si la kijiji, na faini ikija haitaandikwa kwa jina lake.

Lakini kabla ya vibali nina jambo la kuwauliza, kwa sababu ndilo litakaloulizwa na kila ofisi mtakayogonga: mfereji huo mnauchimba kwa kimo kipi cha maji?

Mtera si ziwa la asili. Ni bwawa la kuzuia maji ya Ruaha Mkuu na Kisigo, na maji yake yanatunzwa kwa ajili ya umeme: megawati 80 pale pale Mtera, kisha 204 kule Kidatu yakiteremka. Likijaa, uso wa maji unafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini kinachoruhusiwa kwa uzalishaji wa umeme ni mita 690. Kati ya hapo na hapo kuna mita 8 na nusu za kupanda na kushuka, na anayeamua maji yatoke lini ni mtambo na mvua, si mvuvi.

Sasa twende kwenye pwani yenu. Sijaipima, ila pwani nyingi za Mtera ni tambarare, kwa hiyo tuchukue mfano wa pwani inayoshuka mita 1 kwa kila mita 150. Mkichimba mfereji wenu maji yakiwa mita 695, boti zitaingia vizuri. Yakishuka hadi 692, ukingo wa maji utakuwa umerudi nyuma mita 450, na mfereji wenu wote, hata ile ncha ya mbali, utabaki mtaro mkavu katikati ya uwanda. Ng'ombe watashuka humo kutafuta majani. Na mkitaka mfereji utakaofanya kazi hata bwawa likiwa kwenye mita 690, basi mtachimba karibu kilomita nzima, na mwanzoni kwake shimo litazidi mita 6 kwenda chini. Hiyo si kazi ya mchango wa wanachama.

Halafu kuna hesabu ya ujazo. Mmezidisha 200 kwa 6 kwa 1.5 mkapata mita za ujazo 1,800, na bila shaka mwenye mashine amewapa bei kwa hesabu hiyo. Tope halisimami wima. Kingo za mfereji lazima zilazwe, na kwa tope laini mlalo wa mita 4 kwa kila mita 1 ya kina ni wa kawaida, pengine hata zaidi. Hapo chini mnabaki na mita 6, lakini juu mfereji unapanuka hadi mita 18. Ujazo unafika 3,600, mara mbili ya mlivyofikiri. Kwa tipa la mita za ujazo 10 hizo ni safari 360, na bado sijahesabu kwamba udongo ukichimbuliwa unaumuka. Msipolaza kingo, zitajilaza zenyewe ndani ya mfereji mvua ya kwanza ikinyesha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kitaalamu ni huu: kwenye bwawa linalopanda na kushuka namna hii, msiyavute maji yawafuate, ninyi yafuateni maji. Njia ya changarawe iliyoshindiliwa, upana wa kupita pikipiki ya magurudumu matatu, iteremke kutoka kwenye mizani hadi pale maji yanapofika miaka mingi ya kiangazi. Mwishoni wekeni gati linaloelea: mbao juu ya mapipa ya plastiki, linalosogezwa kadiri maji yanavyosogea. Kama kuna kipande kimoja kibaya, mfano tuta la mchanga mbele ya mwalo, hicho peke yake ndicho mkichimbe. Boti ya mbao yenye mzigo inazama kama nusu mita hadi sentimita 70. Ongeza sentimita 40 za usalama kwa ajili ya mawimbi na panga boi la injini, inatosha. Kina cha mita 1 na kidogo ndicho mnachohitaji, si zaidi. Kibali cha kuondoa tuta dogo kina nafasi kubwa kuliko kibali cha mfereji, na fedha zenu zitawatosha.

Mkikubali au mkikataa ushauri huo, vibali vinaombwa hivi.

Anzeni nyumbani. Mkutano mkuu wa kijiji ukae, muhtasari uandikwe, mahudhurio yasainiwe. Kisha barua ipitie kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ikiwa na maoni ya afisa uvuvi na afisa mazingira wa wilaya. Hatua hii haiwapi ruhusa ya kuchimba, lakini ofisi za juu zitauliza kama jirani zenu wanajua. Mwalo wa jirani nao waambieni. Tope mtakalolitibua leo kesho liko kwenye nyavu zao.

Baada ya hapo TANESCO, shirika la umeme. Watu wengi hawaikumbuki, wanakimbilia mazingira moja kwa moja. Bwawa linaendeshwa na TANESCO, na eneo lote linalofunikwa na maji likijaa ni bwawa hata kama leo mmepanda mahindi juu yake. Mkienda huko, ombeni mambo mawili: barua ya kutokuwa na pingamizi, na rekodi za kimo cha maji za miaka ya karibuni. Rekodi hizo ni dhahabu. Zitawaonyesha mwalo wenu uko nchi kavu miezi mingapi kwa mwaka, na pengine zitamaliza mjadala wa mfereji kabla hamjatumia shilingi.

Kisha watu wa bonde. Mtera iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi yao kuu iko Iringa, msiende Dodoma mjini kuitafuta. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ndiyo inayowapa mamlaka juu ya chanzo cha maji. Wasomaji wetu wengine waliotuuliza mambo yanayofanana wazingatie kwamba bonde hubadilika: Bwawa la Hombolo maji yake yanaelekea Wami, kwa hiyo ni Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro. Maziwa ya Kitangiri na Singidani, na mabwawa ya Bahi, yako Bonde la Kati, ofisi Singida. Barua ikienda bonde lisilo lako, itakaa kwenye faili la mtu hadi usahau uliandika nini.

Mwisho NEMC. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mfereji wenu unaanzia ndani ya mita hizo, hakuna namna ya kuukwepa. Mnasajili mradi, wanaupima wauweke kwenye daraja lake. Tangu marekebisho ya kanuni ya mwaka 2018 kuna miradi inayolazimika kufanyiwa tathmini kamili ya athari kwa mazingira, kuna ya katikati, na kuna midogo inayoishia kwenye andiko fupi la mradi. Msijipangie daraja wenyewe na msikubali mtu wa mtaani awapangie. Tathmini ikihitajika lazima ifanywe na mtaalamu aliyesajiliwa, na jina lake mnaweza kulihakiki. Malipo yoyote ya serikali yanakuja na kontroo namba. Anayetaka taslimu mkononi ili faili litembee, muombeni kontroo namba, mara nyingi atakumbuka kwamba ana kikao.

Mnaweza kupeleka nakala TANESCO, bonde na NEMC kwa wakati mmoja, hakuna anayewazuia. Ila NEMC watauliza bonde wanasemaje, na bonde watauliza TANESCO wanasemaje, kwa hiyo mwenye barua ya TANESCO mkononi ndiye anayetembea.

Sasa, ndani ya bahasha muweke nini? Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Mtu analeta barua ya ukurasa mmoja inayosema wananchi wanateseka. Inasikitisha, ni kweli, lakini mhandisi wa bonde hawezi kuidhinisha mateso. Anataka ramani ya vipimo. Hilo mnaweza kulianza wenyewe. Chukueni mtumbwi, mti ulionyooka uliopigwa alama kila sentimita 10, na simu yenye GPS. Chini ya mti pigilieni kipande cha ubao kama sahani, vinginevyo utazama kwenye tope laini na mtasoma kina ambacho boti haitakipata kamwe. Pimeni kila mita 10 kwenye mstari wa mfereji, na mistari miwili ya pembeni. Andikeni saa na tarehe, na siku hiyo hiyo piga simu kituo cha Mtera upate kimo cha maji. Kimo ukitoa kina, unapata usawa wa sakafu ya bwawa, na namba hiyo haibadiliki maji yakipanda au yakishuka. Bila tarehe na kimo, vipimo vyenu vyote ni karatasi ya kufungia maandazi. Mpima aliyesajiliwa atakuja baadaye kuthibitisha, lakini atakuta kazi imeshaanza na bei yake itashuka.

Elezeni pia tope linatoka wapi. Kama kuna korongo linalomwaga mchanga karibu na mwalo, mfereji utajaa tena msimu mmoja au miwili. Sisi wa Dodoma tunalijua hili: mmomonyoko wa mkoa huu ulifikia hatua ya serikali kuanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mabwawa yetu ya zamani bado yanabeba mchanga wa vilima vile. Ombi linaloonyesha matuta ya mawe na nyasi kwenye korongo lina uzito kuliko ombi la kuchimba na kuchimba tena.

Na tope litakwenda wapi? Msiandike "pembeni". Pembeni ni ndani ya mita 60, na mvua italirudisha. Wala msilisukumie kwenye maji mafupi ya jirani, perege hutaga huko huko kwenye vina vifupi, mtakuwa mmezika samaki wa mwakani ili muwafikie wa mwaka huu. Tafuteni eneo juu ya usawa wa mita 698.5 na nje ya mita 60, lizungushieni tuta ili maji yanayochuruzika yatue kwanza. Mwenye shamba aandike ridhaa yake.

Muda nao ni sehemu ya ombi. Chimbeni mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa, ekskaveta ikisimama kwenye udongo mkavu. Maji hayachafuki, mashine haizami, na mnaona mnachochimba. Maana yake maombi yaingie ofisini mapema mwaka, sio Septemba. Jambo moja la kando: mfereji mtulivu wenye kina unaweza kumvutia kiboko, na Mtera wapo, mamba pia. Mshirikisheni afisa wanyamapori. Alama za kuongoza boti usiku na usajili wa vyombo vyenyewe ni habari ya TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini.

Kuhusu mchanga: hapana, msiuuze kwa kibali cha kuchimba mfereji. Mchanga wa ujenzi ni madini chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na ukiuzwa unahitaji leseni ya Tume ya Madini na lazima ulipiwe mrabaha. Kibaya zaidi, siku mtakapoandika kwenye ombi kwamba mapato ya mchanga yatafidia gharama, ofisi zitausoma mradi wenu kama machimbo ya mchanga yaliyovaa koti la uvuvi, na mtahojiwa hivyo. Kwanza pimeni kama ni mchanga kweli. Jazeni chupa ya maji ya lita moja nusu tope nusu maji, tikiseni, iacheni. Mchanga unatua ndani ya dakika moja. Kinachobaki kimeelea hadi kesho yake ni mfinyanzi, na huo hakuna fundi wa kuununua. Ikiwa ni mchanga safi, nendeni ofisi ya madini ya mkoa mkaulize hata kama mnataka kuutumia kwenye njia yenu ya changarawe tu, mpate jibu la maandishi mliambatishe.

Mkishapata vipimo vya siku moja na kimo chake, nitumieni. Nitawachorea sakafu ya mwalo wenu nione kama kweli kuna cha kuchimba.