Mvue mwanao shati umtazame mgongo

Juzi Ijumaa nilipokea ujumbe wa mama mmoja wa Kasulu. Mtoto wake wa miaka sita analalamika mgongo tangu mfungo wa Ramadhani, na sasa katikati ya mgongo pameanza kutokeza fundo. Akaniuliza, "Dada, wewe wa kwako ulimkanda na nini?"

Wa kwangu nilimkanda na mawese. Hilo ndilo jibu, na ndilo jambo ninalolijutia mpaka leo.

Binti yangu alikuwa na miaka minane. Tunakaa Ujiji, mimi nauza dagaa. Mtoto aliyekuwa harudi nyumbani mpaka afuatwe, akaanza kushinda barazani. Mwili ukapungua, jioni anapata joto kidogo. Nikasema malaria, tukapima, hamna. Usiku ndio ulikuwa mtihani. Analala vizuri, ghafla anapiga yowe, kisha anapitiwa tena na usingizi, na asubuhi hakumbuki kitu. Mama mkwe akasema mtoto anachezewa. Daktari alikuja kunieleza baadaye sana: mchana misuli ya mgongo hukaza ili kuulinda mfupa mgonjwa, usingizi ukikolea misuli inalegea, mfupa unatikisika, mtoto analia. Laiti ningelijua.

Zahanati nilikwenda mara tatu, mara zote nikarudi na panadol. Hakuna aliyemvua nguo. Mara ya tatu nikaambiwa mtoto anadeka, hataki shule. Maneno hayo bado yamenikaa kooni.

Basi nikampeleka kwa mzee wa kukanda. Fundo lilikuwa dogo, ukipitisha kidole ndipo unalisikia. Mzee akapaka mawese ya moto, akalisukuma kwa dole gumba ati alirudishe ndani. Siku tano mtoto analia na mimi nimemshika mikono. Mimi, mama yake! Siku ya sita akaanza kujikwaa, anaburuta mguu wa kushoto. Hapo ndipo nilipozinduka.

Hospitali ya rufaa ya mkoa tulimkuta daktari kijana. Aliangusha sarafu ya shilingi mia mbili sakafuni, akamwambia, "Okota, ni yako." Binti yangu hakuinama. Alichuchumaa, mgongo umenyooka kama ubao, mkono mmoja umeshika goti, akaokota, kisha akajiinua kwa kujisukuma mapajani. Daktari akanitazama. Kwa miezi minne nilikuwa nikimwona akiokota vijiko hivyohivyo, nikadhani anakua, anajifunza adabu.

Picha ya eksirei ikaonyesha pingili mbili zimeliwa upande wa mbele na nafasi iliyo kati yake imetoweka. Zimeegemeana kwa mbele, ndiyo maana nyuma panachomoza ncha. Kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Nilibisha, maana mtoto hakohoi! Nikaelezwa kwamba vijidudu huingia kwa pumzi, lakini huweza kusafiri kwa damu na kutua kwenye mfupa, na katika mifupa yote, uti wa mgongo ndio hushambuliwa zaidi. Chanjo ya BCG alichomwa na kovu lipo begani. Chanjo hiyo huwakinga zaidi watoto na TB kali kama ile ya ubongo, lakini haizibi kila mlango. Nyumba nzima tukapimwa. Baba yake mdogo, aliyekuwa akikohoa miezi na kusingizia sigara, akakutwa nayo. Usiku wodini nikawa nasoma kwenye simu, nikaona kwamba Percivall Pott, mpasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na mpaka leo unaitwa ugonjwa wa Pott. Nililia. Jambo linajulikana miaka yote hiyo, na mtoto wangu anapewa panadol.

Tukapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Wakati ule daraja halijafunguliwa, tukavuka kwa kivuko kutoka Busisi hadi ng'ambo panapoitwa Kigongo. Niliposikia kondakta analitaja jina hilo, nilimfunika mtoto na kanga nikageuka upande wa ziwa.

Walichoma sindano wakavuta usaha uliojikusanya kando ya pingili, ukapimwa kwa mashine ya GeneXpert, majibu yakathibitisha. Hakupasuliwa. Dawa ni miezi 12: miwili ya mwanzo dawa za aina nne, kumi iliyobaki aina mbili, na zote ni bure. Akavalishwa mkanda mgumu wa kuushika mgongo. Mkojo uligeuka rangi ya chungwa, nikashtuka, kumbe ni dawa. Miezi iliyofuata sina cha kusimulia, ni kumeza tu, kila siku, bila kuruka. Mwezi wa tatu mguu ukarudisha nguvu.

Mwezi uliopita alimaliza dozi. Picha inaonyesha pingili zimeshikana na kutulia. Kigongo kidogo kimebaki, na shuleni wapo wanaomwita kibyongo. Ananiambia hajali. Mimi najali. Lakini jana karuka kamba uani, na nilisimama mlangoni nikihesabu mpaka 41.

Wazazi wenzangu, sote tunataka watoto wasimame wima, wasome, wafike mbali. Basi mvueni shati. Mtazameni mgongo kwenye mwanga, pitisheni kidole juu mpaka chini. Mtoto mdogo hana sababu ya kuumwa mgongo wiki baada ya wiki. Akiumwa hivyo, na akapungua, na akapata joto la jioni, na akalia usingizini, hiyo si kudeka. Fundo lenye ncha katikati halikandwi, halichanjwi, halisukumwi. Nasema tena, halikandwi! Miguu ikilegea au mkojo ukianza kumtoka bila kujua, usisubiri kuche.

Si kila mgongo uliopinda ni TB. Wapo wanaopinda kwa ubavuni, hasa mabinti wanapoanza kubalehe, na mara nyingi hawaumwi. Huyo mwambie ainame mbele mikono ikining'inia, umtazame kwa nyuma. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, mpeleke akapigwe picha. Wanapima pembe ya mpindo kwa nyuzi: kuanzia 10 ndipo huitwa ugonjwa, na ukifika kama 25 na mtoto bado anakua, mkanda husaidia kuuzuia usiendelee. Mkanda huo haungoji mtoto amalize kurefuka, kwa hiyo usiseme tutaona mbele.

Na waliopona kama wangu, msiache kliniki. Mtoto anayekua anaweza kuzidi kupinda hata vijidudu vikishakufa. Sisi tutarudi kupiga picha mpaka aache kurefuka.

Mdogo wangu wa Kasulu, kesho ni Jumatatu. Usimkande. Beba kadi yake ya kliniki, panda gari la asubuhi, na ukifika kwa daktari sema unataka mtoto apigwe picha ya mgongo, usemee hapohapo kama nyumbani kuna anayekohoa. Ukishuka Kigoma nipigie. Nitakuwa soko la Mwanga mpaka saa nane, nitafunga meza tuende pamoja.