Kabla ya Bajeti, Mwendeeni Mwakilishi

Afya si jambo la Muungano. Nalianza na hili kwa sababu wengi wetu hapa Pemba, kituo cha afya kikikosa mkunga, humlilia Mbunge. Bajeti ya Wizara ya Afya ya Zanzibar haipitishwi na Bunge la Dodoma, inapitishwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na anayeipigia kura ni Mwakilishi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo mwendeeni mapema. Bajeti ikishasomwa, nafasi ya kuingiza jambo jipya ni finyu mno.

Msiende na maneno ya jumla. Mkisema "huduma za uzazi ziboreshwe", mtajibiwa "tutalifanyia kazi" na mtarudi na hilo tu. Sisi akinamama wa mwani wa kisiwa kidogo tulimweleza Mheshimiwa yaliyomkuta wifi yangu. Uchungu ulimshika usiku, maji yamekupwa, mashua imekaa juu ya mchanga. Wanaume wakamchukua juu ya kitanda cha kamba, wakaingia naye baharini mpaka maji yalipowafika mapajani, ndipo wakapata chombo kinachoelea. Alizaa upande wa pili, gatini, akavuja damu hadi kanga tatu zikalowa, na gari bado halijafika. Yeye na mwanawe wako hai, alhamdulillahi. Lakini mwanamke wa mjini hapitii hayo ili azae, na wote ni raia wa nchi moja.

Kisha tukataja tunachotaka: boti ya wagonjwa yenye nahodha wa kuajiriwa na fungu la mafuta, nyumba ya mkunga, alale kisiwani, na friji ya sola, kwa kuwa sindano ya oksitosini inayozuia damu baada ya kuzaa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto siku nyingi inapungua nguvu, na mama anachomwa dawa isiyomfaa. Nahodha aliyemvusha wifi tulikwenda naye. Mwanamme akilisema jambo hili, haliitwi tena la wanawake.

Kukosa usawa si kwenye kuvuka bahari peke yake. Mwanamke akitaka kijiti au sindano ya uzazi wa mpango, pengine huambiwa alete ruhusa ya mume. Msichana asiyeolewa akiuliza tu, anatazamwa mpaka anaondoka. Mkumbusheni Mwakilishi kwamba Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, na kifungu cha 14 kinampa mwanamke haki ya kuamua idadi ya watoto na nafasi baina yao.

Akihofia maneno ya watu kuhusu dini, zungumzeni naye bila woga. Suratul Baqara, aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili, na masheikh wetu wanazijua hadithi za azl, yaani mume kumwaga nje ili mimba isiingie, zama za Mtume. Kama mnaye sheikh anayelielewa jambo hili, mwombeni afuatane nanyi. Kwangu mimi yeye ana uzito kuliko barua kumi.

Mwisho, muulizeni ombi lenu litaingia kifungu gani cha bajeti, mkiandike. Hotuba ya Waziri ikisomwa, mtu wenu mmoja akae aisikilize mpaka mwisho. Kifungu kikikosekana, mpigieni Mheshimiwa siku hiyohiyo, kabla kura haijapigwa.